Mbele ya Kumpa Jirani Mtoto wa Mbwa

Ndugu msomaji, leo jioni fanya hesabu kidogo. Tembea kutoka nyumba yako mpaka kanisani, na uhesabu mbwa wote unaokutana nao njiani. Kwa kila mbwa jiulize maswali matatu: Huyu ni wa nani? Alizaliwa na mbwa gani? Alichanjwa lini?

Kama unaishi Rubaya, Ngungu ao Mushaki, kama unaishi Njingala, Mubi ao Itebero, mbwa wengi utawajibia hivi: «Sijui, sijui, sijui.» Lakini mbwa hao wanalala karibu na watoto wetu na kulamba sahani zetu. Na kila mwaka wanazaa. Kwa hiyo mwezi huu tuzungumze juu ya mbwa. Usicheke! Jambo hili linagusa uhai wa mtoto wako.

Kwetu mbwa ana kazi za namna nyingi. Juu ya milima ya Masisi anakaa na wachungaji wa ng'ombe, anawaamsha usiku mwizi akikaribia. Katika pori la Walikale, Wanyanga na Wakumu wamewinda pamoja na mbwa tangu babu wa babu zetu, na kengele shingoni mwake. Kwenye machimbo analinda depo ya mawe, duka, na nyumba ya mama anayepika chakula cha wachimbaji. Basi kijana anayeona mbwa mkali anasema: «Ile imbwa iko mukali sana, itatupatia batoto bakali.» Anamfunga jike pamoja na dume, anangojea miezi miwili, kisha anagawa watoto ao anawauza. Kazi imeisha, anafikiri. Kumbe kazi imeanza.

MBWA WETU ALIYEVUKA BAHARI

Wengi wetu tunamdharau mbwa wa kijiji. Tunamsifu mbwa wa kizungu wa Goma, yule mwenye manyoya mengi. Sikiliza basi habari ya mbwa wa Kongo.

Wazungu walipofika katika inchi yetu walishangaa kuona mbwa mdogo, mwekundu, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja. Alikuwa habweki kama mbwa wengine. Anatoa sauti kama ya mtu anayejaribu kuimba. Kwa sababu hiyo wawindaji walimfunga kengele ya mti, wapate kujua yuko wapi ndani ya majani. Wazungu wakamwita Basenji. Jina hilo wewe msomaji unalielewa bila kamusi. Ni neno lile lile la «washenzi». Walimwita mbwa wa watu wa pori.

Mwaka 1895 walipeleka wawili London kwenye maonyesho makubwa ya mbwa. Hawakuishi, ugonjwa wa distempa, ambao unaua sana watoto wa mbwa, uliwamaliza. Mwaka 1923 mama mmoja Mwingereza aliwatoa wengine sita Sudani. Nao pia wakafa. Ni mwaka 1936 tu ndipo mama mwingine, Olivia Burn, alifaulu kuwafuga Uingereza. Mwaka 1937 aliwaonyesha, na watu wakasongamana kuwatazama. Tangu siku ile Basenji akaenea Ulaya na Marekani. Leo kuna watu wanaolipa franga nyingi sana kwa mbwa ambaye babu yako alimpa jirani bure.

Lakini hapa ndipo somo linaanza. Basenji wote wa ng'ambo walitokana na mbwa wachache tu, hawapiti ishirini hivi. Wafugaji waliendelea kuwazalisha wao kwa wao: binamu na binamu, babu na mjukuu. Kwa macho walikuwa wazuri. Ndani ya damu shida ilikuwa inajificha.

Kwanza ulionekana ugonjwa wa kupungukiwa na damu. Wafugaji wakapata njia ya kuupima, na katika miaka ya 1970 wakawaondoa kwenye uzazi mbwa wote waliokuwa na mbegu yake. Ilikuwa vizuri, lakini wale wachache wakawa wachache zaidi. Kisha ukaonekana ugonjwa wa pili, wa figo, unaoitwa Fanconi. Figo za mbwa zinashindwa kuchuja vizuri. Sukari na vitu vingine vinavyohitajiwa na mwili vinatoka na mkojo. Mbwa anakunywa maji sana, anakojoa sana, anakonda, na asipotunzwa anakufa.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hauonekani mapema. Mara nyingi unajitokeza wakati mbwa ana miaka minne na kupita. Wakati huo amekwisha kuzaa, na watoto wake wamekwisha kuzaa. Mfugaji anagundua ubaya wa mbegu wakati shamba lote limekwisha kupandwa.

Walifanya nini? Walirudi kwetu! Mwaka 1987 na tena mwaka 1988 wafugaji wa Marekani walikuja kaskazini-mashariki ya inchi yetu, iliyoitwa wakati ule Zaire, upande wa Azande. Walitembea kijiji kwa kijiji wakitafuta mbwa wa wawindaji, wale wa kengele. Waliondoka na watoto wa mbwa ili kuleta damu mpya. Mwaka 1990 American Kennel Club, chama kikubwa chenye kuandika mbwa wa Marekani, kilikubali kuwaandika mbwa hao katika kitabu chake. Baadaye, mwaka 2011, wataalamu walipata kipimo kamili cha kuonyesha kama mbwa anabeba mbegu ya Fanconi, hata kama yeye mwenyewe ni mzima.

Ona jambo hili, ndugu yangu. Watu wenye maabara na vitabu walikosa kitu kimoja ambacho mwindaji wa pori alikuwa nacho bila kujua: mbwa wa damu nyingi. Pori lilichagua. Mbwa dhaifu hakuweza kukimbia siku nzima, basi hakuzaa. Utajiri huo tuko nao bado. Tusiuharibu kwa uvivu.

TUNAUHARIBU NAMNA GANI?

Katika kambi ya wachimbaji, ao kijiji kidogo chenye mbwa kumi, mara nyingi dume ni mmoja tu anayetawala. Anazaa na majike yote. Mwaka unaofuata anazaa na mabinti zake. Kisha ndugu wanazaa na dada zao. Ni ile ile hadithi ya Basenji wa ng'ambo, lakini hapa hakuna anayeandika. Matokeo utayaona: watoto wanazaliwa wachache ao wafu, wanadumaa, wanashikwa na kila ugonjwa unaopita.

Wengine wanakimbilia mbwa wa kizungu. Berger allemand ni mbwa wa akili, sikatai. Lakini mbwa wa mbegu hiyo wanajulikana kwa ubaya wa kiungo cha nyonga, na ubaya huo unarithiwa. Ukinunua dume anayevuta miguu ya nyuma, umenunua ulemavu wa wajukuu wake wote. Wala manyoya yake mengi hayamfai katika joto la Walikale.

Na vita imeongeza shida. Mwanzoni mwa mwaka 2024 jamaa nyingi za Masisi zilikimbia kuelekea Sake na Goma. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, godoro na sufuria, mbwa anabaki. Mbwa aliyebaki hana bwana, lakini bado anazaa, na bado anauma.

KAMA UNATAKA KUZALISHA, FUATA HAYA

1. Uliza kwanza: nani anawangojea? Jike anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, ijapokuwa wale wa namna ya Basenji wanazaa mara moja. Tuseme watano kila mara: ni mbwa kumi kwa mwaka mmoja kutoka kwa mama mmoja. Kama hakuna jamaa tano zilizosema «ndiyo, tutamlisha na kumchanja», usizalishe. Mfungie jike ndani ya lupango wakati anataka dume. Wakati huo unafika karibu majuma matatu. Kamba peke yake haitoshi, madume wanamfuata pale pale alipofungwa.

2. Ngoja akomae. Jike anaweza kushika mimba hata kwa miezi sita ama saba, lakini yeye mwenyewe bado ni mtoto. Ngoja atimize karibu miaka miwili. Kisha mpe nafasi ya kupumzika. Kuzaa kila mara bila kupumzika kunamkausha.

3. Tafuta dume wa mbali. Babu zetu walijua kuuliza ukoo mbele ya ndoa. Fanya hivyo hivyo: dume asiwe baba, ndugu wala mtoto wa jike wako. Mtafute kijiji cha pili ao cha tatu. Na umtazame akiwa mzee: mbwa wa miaka mitano ao sita aliye mzima bado anakuonyesha habari ambazo kijana wa mwaka mmoja hawezi kukuonyesha.

4. Tazama tabia. Ukali wa kuuma kila mtu si ulinzi. Mbwa mzuri anabweka kwa mgeni na anatulia bwana wake akisema. Mbwa aliyemuma mtoto wa nyumbani bila sababu asizae kamwe.

5. Chunguza sehemu za uzazi. Kuna uvimbe mwekundu, unaotoka damu, unaoonekana kwenye uume wa dume ao kwenye uke wa jike. Ni namna ya kansa inayoambukizwa mbwa wakipandana, na inaonekana sana kwa mbwa wanaozurura. Veterineri anaweza kuiponya kwa sindano. Lakini mpaka apone, asiguse jike.

6. Lisha mama. Mimba ni siku 63 hivi. Siku za mwisho na wakati wa kunyonyesha anahitaji chakula zaidi: bugali pamoja na vichwa vya samaki, mifupa iliyochemshwa kuwa mchuzi, maharagwe yaliyoiva vizuri, na maji safi kila siku. Usimpe mapafu wala maini mabichi ya mbuzi ao ng'ombe, zaidi yakiwa na vifuko vya maji ndani. Mle kuna watoto wa minyoo ambao wanakomaa tumboni mwa mbwa, kisha mayai yao yanarudi kwa mtu na kumfanyia uvimbe ndani ya ini. Wachinjaji wa Masisi, mnisikie: fukieni ao mchome vitu hivyo.

7. Toa minyoo. Watoto wa mbwa wanapata minyoo kwa mama yao, tangu tumboni na katika maziwa. Dawa inaanza kwa majuma mawili, na kurudiwa kila majuma mawili mpaka wafike miezi mitatu. Mama naye apate. Minyoo hii inaweza kuingia kwa mtoto wa mtu anayecheza kwenye udongo, hata kumharibu jicho. Kwa hiyo zoa mavi ya mbwa ndani ya lupango, na ufundishe watoto kunawa.

8. Usimtoe mtoto wa mbwa mbele ya majuma manane. Kijana anayeuza mbwa wa wiki nne sokoni anauza mgonjwa. Hajajifunza kula wala kuishi na wenzake, na atakuwa mwoga ama mwenye kuuma ovyo.

9. Kama hutaki azae tena, tafuta veterineri amhasi. Usimkate kwa wembe nyumbani. Ni ukatili, na vidonda vinaoza.

JAMBO LILILO KUBWA KUPITA YOTE: RAJE

Tunaita kichaa cha mbwa, ao raje. Ni virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Shirika la Afya la Ulimwengu linakadiria kwamba watu karibu 59,000 wanakufa kila mwaka kwa sababu ya raje, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote, 99 kwa 100, walipata kwa mbwa. Na kati ya watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Waganga wa hospitali ya watoto ya Kinshasa waliwahi kuandika habari za watoto 21 walioshikwa na raje. Ugonjwa ukiisha kuonekana ndani ya mtu, anakuwa karibu hakika wa kufa. Hakuna dawa.

Lakini kuna mlango wa kuokoka, nao uko wazi mbele ya dalili. Tangu Louis Pasteur alipomchanja kijana Joseph Meister wa miaka tisa, mwezi wa saba mwaka 1885, tunajua kwamba mtu aliyeumwa anaweza kuokolewa. Mara nyingi dalili zinakuja baada ya mwezi mmoja mpaka mitatu. Wakati huo ndio wakati wa kukimbia.

Mtu akiumwa, ama akilambwa juu ya kidonda:
– Osha kidonda pale pale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili. Usiweke udongo, pilipili, mafuta ya gari wala majani.
– Nenda kituo cha afya siku ile ile. Atahitaji chanjo ya sindano kadhaa kwa siku zilizowekwa, na kwa kidonda kibaya, serumu pia. Usiache katikati kwa sababu kidonda kimepona.
– Mbwa akikamatika bila hatari, afungwe na kuangaliwa siku 10. Akifa ao akigeuka tabia, mwambie munganga mara moja. Asichinjwe kwa kuliwa. Anayempasua anagusa mate na ubongo wake.

Chanjo ya watu haipatikani kila kituo. Kwa hiyo usingoje ajali. Wiki hii uliza kwenye kituo chako: «Hapa kwetu, mtu akiumwa na mbwa, tunampeleka wapi?» Mlio katika zone de sante za Masisi, Mweso, Kirotshe, Katoyi, Walikale, Kibua, Itebero na Pinga, jibu la kila mahali linaweza kuwa lingine. Liandikeni kwenye ukuta wa kanisa.

Na mbwa? Anachanjwa akifika miezi mitatu, kisha anarudiwa kadiri veterineri anavyosema, kwa kawaida kila mwaka. Mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, raje inakosa njia ya kupita. Kijiji chenye mbwa 40 kinahitaji kuchanja 28. Kazi hiyo haizidi nguvu zetu! Kisiwa cha Pemba, Tanzania, kilifanya hivyo na raje ikatoweka mwaka 2014. Chanjo ikalegea, na mwaka 2016 raje ikaingia tena kutoka nje. Wakachanja tena, na mwaka 2018 ikaisha. Ona basi: mbwa mmoja anayesafirishwa bila chanjo anaweza kuharibu kazi ya miaka. Wewe unayembeba mtoto wa mbwa ndani ya mfuko juu ya moto, kutoka Sake mpaka kwenye kambi ya Bisie, jambo hili linakuhusu.

Tena si watu tu wanaoumia. Mwaka 1994 distempa, ambayo ilitoka kwa mbwa wa vijiji, iliua karibu simba mmoja kati ya watatu katika Serengeti. Watu wa Walikale wanaishi kandokando ya pori la Maiko na la Kahuzi-Biega. Mbwa mgonjwa akiingia mle, haendi peke yake.

UNASEMA, NINAJIBU

«Pasta, imbwa ni imbwa tu. Sina hata franga ya masomo ya batoto.» Ninakusikia. Basi usifuge watano, fuga mmoja. Chanjo ya mbwa mmoja ni rahisi kuliko mazishi.

«Mbwa ni mnyama mchafu, Mkristo asijisumbue naye.» Soma Mithali 12:10. Pale mwenye haki anatambulikana kwa namna anavyotunza mnyama wake. Kama humtaki mbwa, usimfuge. Lakini ukimfuga, umekwisha kuchukua mzigo.

«Ukimlisha na kumchanja, hatakuwa mkali.» Uongo. Huko Rumangabo, katika pori la Virunga, walinzi walianza mwaka 2011 kutumia mbwa wa kunusa ili kufuata nyayo za majangili. Walilishwa, walioshwa, walitibiwa. Na walifanya kazi kuliko mbwa yeyote wa njaa.

«Veterineri hafiki kwetu.» Mtu mmoja akimwita, hafiki. Jamaa thelathini zikikusanya franga kidogo kidogo na kumngojea siku moja, anafika. Angalia tu chanjo isafiri ndani ya kisanduku cha barafu. Chupa iliyolala juani sokoni usiikubali. Vijana wa kanisa, hiyo ni kazi yenu: andikeni majina ya mbwa wote wa kartie, na bwana wa kila mmoja. Tarehe 28 mwezi wa tisa ni siku ya ulimwengu ya kupigana na raje. Iwekeni katika kalenda ya kikundi chenu.

Kwa mwisho, wewe mwenye jike nyumbani. Siku jirani atakapokuja kukuomba mtoto wa mbwa, usimpe mbwa peke yake. Mpe na karatasi ndogo, hata ikiwa ni ya daftari: tarehe aliyozaliwa, mama na baba yake, dawa ya minyoo alizopata, na siku ya kumchanja. Na useme wazi: «Akizaa, usimrudishe kwa ndugu zake.» Mbwa huyo atakaa miaka kumi karibu na watoto wa jirani yako. Akiwa mzima, watakushukuru. Akiwa mgonjwa, jina lako litatajwa.